Sufi ya Darini

Mume wangu aliponiambia kwamba anataka kuhamia darini, nilimjibu, "Sawa," nikaendelea kukunja nguo. Tangu tumzike binti yetu nilikuwa nikijibu hivyo kwa kila jambo. Bomba limekatika? Sawa. Chumvi imeisha? Sawa.

"Huku chini kuna joto," alisema.

Darini, chini ya bati, mchana hapakaliki. Lakini yeye ni seremala, na aliahidi kupafanya chumba cha kuishi mtu: aweke sufi ya kuzuia joto, apigilie mbao za sakafu, atoboe dirisha dogo. Nilielewa kwamba siku chumba hicho kitakapokamilika sitakuwa na mume tena, nitakuwa na mpangaji wa juu. Nilielewa jambo hilo kama mtu anavyosikiliza habari za nchi ya mbali. Sikulia wala sikumbembeleza.

Jumamosi mdogo wake alikuja kumsaidia. Shemeji huyu ana mdomo. Hata msibani wazee walimwomba akakae nje.

"Shemeji, umemfanya nini kaka? Wenzake wakinuniwa wanahamia sebuleni, yeye anahamia kwa popo!"

"Muulize mwenyewe."

"Nimuulize ana nyundo mkononi? Mimi bado naipenda roho yangu."

Walipandisha marobota ya sufi kwa ngazi, wamejifunga vitambaa puani, maana sufi ile inawasha kama upupu. Nilikuwa chumbani nikisikia nyayo zao juu ya kichwa changu. Baadaye nikawa sizisikii sawasawa, kama watu wanaotembea kwenye nyumba ya jirani.

Shemeji alishuka akijikuna shingo. Hakuwa akicheka.

"Shemeji, kaka anajaza sufi sakafuni."

"Kwani inawekwa wapi?"

"Mtu akitaka kulala mule, anaipachika juu, katikati ya makombamoyo, zile mbao za mteremko zinazobeba bati, ili joto lisishuke. Yeye anaishindilia chini, tabaka mbili, halafu anapigilia mbao juu yake. Kwenye bati hajagusa. Ataiva mule kama mkate! Kazi hii alinifundisha yeye mwenyewe, na leo anakosea kitu ambacho hata panya wa darini angekicheka."

"Umemwambia?"

"Kaniambia nishuke nikanywe maji. Na kiu sina."

Nilijifunga kitambaa, nikapanda.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti juu ya chumba chetu cha kulala. Alikuwa akiisukuma sufi kwenye pembe taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Hujakosea," nilimwambia.

"Sijakosea."

"Utaungua humu."

"Heri joto." Akaketi juu ya boriti. "Mama, nasikia kila neno."

Mimi husali alfajiri, kwa sauti, kando ya kitanda. Nilianza kabla sijaolewa. Hata asubuhi iliyofuata mazishi nilipiga magoti nikasema, "Asante, Mungu, kwa kutuamsha."

"Kila siku unamshukuru," alisema. "Asante kwa hiki, asante kwa kile. Mtoto yuko udongoni na mke wangu anasema asante. Siwezi kukukataza kusali, nitakuwa mtu gani? Basi nikaona nizibe sakafu."

Niliitazama ile sufi. Ilikuwa ya manjano. Nilijua kwamba maneno hayo yalipaswa kunichoma, nikangoja yanichome, hayakunichoma.

"Hata mimi sizisikii," nikasema.

"Huzisikii nini?"

"Hizo asante. Mdomo unajisemea wenyewe, kama miguu inavyojua njia ya sokoni. Ndani hamna kitu. Nikiacha na hilo, sijui nitabaki na nini."

"Nilidhani umeshapoa."

"Nimekufa ganzi, baba. Sijapoa."

Alivua kitambaa puani. Mashavu yake yalikuwa na vipele.

"Mko hai huko," shemeji aliita kutoka chini, "au nilete machela?"

"Sasa utasali vipi?" mume wangu aliniuliza.

"Sijui. Labda nipige magoti ninyamaze."

"Atakusikia?"

"Nadhani asante zangu anazo za kutosha."

Aliitazama kazi yake kwa muda mrefu. Kisha akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari ya ubao wa kwanza, akamwita mdogo wake alete kamba. Tulifanya kazi mpaka jioni. Wao walichomoa sufi kutoka sakafuni, mimi nikaishikilia katikati ya makombamoyo huku mume wangu akiifunga kwa kamba ili isianguke. Shemeji alisema sasa hata yeye angehamia, ila kodi isizidi sahani ya wali. Mikono iliniwasha mpaka mabegani. Mume wangu alilala huko huko juu.

Alfajiri nilipiga magoti mahali pangu. Nilifumba macho, na sikusema neno. Nilikaa hivyo mbele za Mungu, mikono mitupu.

Juu, mbao zililia. Ngazi ikalia. Mlango ukafunguliwa, naye akasimama hapo, nywele zimejaa nyuzi za manjano.

"Sijasikia kitu," alisema.

"Ndiyo."

Alisita mlangoni. Kisha akaingia, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, naye akanyamaza.