Mbili Inayoteleza

Binti alimwomba mama yake, mtengeneza sabuni, chembe za kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, akaziyeyusha kwenye lita moja ya maji ajue pH yake. Moli 0.01 kwa lita, jibu mbili. Rahisi kama kumsukuma mlevi.

“Mbili ndiyo nini?” mama akauliza.

“Kipimo, mama. Chini ya saba ni asidi, juu yake ni besi.”

“Limau je?”

“Mbili.”

Mama akachovya kidole chenye glavu, akakisugua kwa gumba. “Hii inateleza, mwanangu. Limau linateleza?”

Kinachoteleza ni besi, si asidi. Binti akarudi kwenye daftari. Ile mbili ilikuwa ya haidroksidi, yaani pOH, si pH. Alisahau kuitoa kwenye kumi na nne. Akaandika kumi na mbili.

“Mimi sikusoma,” mama akasema, “ila vidole vyangu vilisoma.”