Breki ya Dada

...na neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, jipya, tunachukua jipya, alikuwa ameshavuta pumzi ya kulitamka, na muuzaji naye ameshainama dirishani na tabasamu la mtu aliyekwisha kuuza, ndipo akainua macho kwenye kioo cha kati, basi tu, kwa mazoea ya mtu aliyeshika usukani, ingawa gari lile la mtumba lilikuwa limezimwa na kuegeshwa chini ya turubai la yadi, akamwona dada yake kwenye kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea kona, mdomo umeachia kidogo, amelala... amelala? Dada? Ndani ya gari? Hapana, amefumba macho tu, macho yake siku hizi hayapatani na jua, lakini kifua kilipanda, kikashuka, kikatulia kidogo kabla ya kupanda tena, na hapo hakuna wa kumdanganya, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo, kulaza watu, huko hospitali wenzake humwita Daktari Lala, anachoma sindano ya usingizi halafu anakaa upande wa kichwani kwa mgonjwa, wapasuaji wakate na washone wanavyojua, yeye anasikiliza pumzi, anaijua pumzi ya anayejifanya na pumzi ya aliyekwenda, na huyu wa nyuma alikuwa amekwenda, kabisa, bila sindano ya mtu yeyote, "na ukibonyeza hapa, bosi," muuzaji alikuwa anaendelea, "gari linabadilika tabia, linakuwa la spoti kweli kweli, ila nikwambie ukweli, lile jipya linalizidi hili hapo, lile ukikanyaga linaondoka na roho yako," na yeye akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, roho yangu, huku macho hayatoki kwenye kioo, kwa sababu sasa alikuwa ameona na viatu.

Viatu vilikuwa chini, vyote viwili, vimevuliwa na kupangwa sambamba kama vya mtu aliyefika kwake, na miguu ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa chini ya gauni, miguu yote miwili, hata wa kulia... na huo mguu wa kulia wa dada yake, jamani, huo si mguu wa kawaida, huo una sifa zake ukoo mzima, tangu yeye ana akili timamu hajawahi kuuona umetulia ndani ya gari, umpandishe teksi, umpandishe basi, umpandishe gari la bwana harusi lenye maua mpaka kwenye vioo, utamwona anaongea, anacheka, anauliza habari za watoto, na mguu wa kulia uko chini unakandamiza sakafu, kila mbele kukitokea taa au mbuzi au mtu anayevuka bila haraka, anakanyaga, na anakanyaga kwa moyo wote, mpaka goti linakakamaa, na zulia la gari lake yeye la sasa, upande wa abiria, limetoboka pale pale kisigino kinapokaa, fundi aliyeliosha aliuliza hapa palikuwa na pedali ikang'olewa? Wakacheka wiki nzima, watoto wake wakambandika jina, Shangazi Breki, na yeye dada halikumuudhi hata kidogo, alisema afadhali breki kuliko honi, kuna watu katika ukoo huu ni honi tupu, akamtazama wifi yake, wifi naye akacheka kuliko wote... Na leo mguu uko juu ya kiti. Aliwaza amwambie muuzaji, tazama, tazama mguu ule, lakini utamwelezaje mtu asiyejua, ataona mama wa watu amechoka na safari, basi, "sasa tatizo la hili, bosi, tatizo dogo, ni kwamba limekaliwa," muuzaji alisema, "injini haina neno, rangi haina neno, ila kiti cha nyuma, upande ule aliokaa mama, kimebonyea kidogo, mwenyewe alikuwa mzee fulani wa kuendeshwa, hakuwahi kukaa mbele, siku zote pale pale," na kweli palikuwa na bonde, alilishika mwenyewe kwa kiganja kabla hawajatoka kulijaribu, ngozi imelainika na kukubali umbo la mtu, akakunja uso, akasema moyoni siwezi kumkalisha dada kwenye shimo la mtu mwingine, baada ya yote, baada ya mikate yote ile.

Mikate... ilikuwa mikate, ndiyo, gari la mikate, ule mlio wa mlango wake wa pembeni, kraa, na harufu inayotoka ikifunguliwa, mpaka leo akipita karibu na tanuri la mikate kope zinamwelemea, daktari mzima, kwa sababu alilelewa katika usingizi wa mikate, mama yao alipofariki na baba akaenda mbali kutafuta kazi, kazi ikammeza huko huko, dada, msichana ambaye hata leseni wino haujakauka, aliacha chuo cha uuguzi katikati akaomba kazi ya kusambaza mikate, mwenye kiwanda akamwangalia juu chini, akamwambia gari lipo ila lina tabia zake, na tabia zake zilikuwa ni kwamba halisimami, ukikanyaga breki mara ya kwanza linakusikia, mara ya pili linafikiria, mara ya tatu ndiyo linaanza kukubali, basi dada akawa anakanyaga kabla, anakanyaga akiona vumbi mbele, anakanyaga akiona kivuli, na nyumbani hakukuwa na wa kumwachia mdogo wake alfajiri ile, kwa hiyo alimbeba amelala, akamlaza nyuma katikati ya kreti, juu ya gunia, akamfunika koti, na joto la mikate likipanda huku na huku... yeye alikuwa analala, hilo ndilo lililomjia sasa, kwamba katika miaka yote ile ya gari lisilo na breki hakumbuki hata hofu moja, hakumbuki kona, hakumbuki mteremko wa kule kwenye daraja ambao leo akiupita na gari zima anashika usukani kwa mikono miwili, anakumbuka joto, na mgongo wa dada kupitia upenyo wa kreti, na baadaye kuamshwa na kipande cha mkate, amka mheshimiwa, shule hiyo, alilala kwa sababu kuna mtu alikuwa hajalala, ilikuwa rahisi namna hiyo, na yeye leo ana vitambulisho vya kazi vya hospitali tatu mfukoni na hajawahi kuliweka wazo hilo sawasawa kichwani mwake.

"Ahadi," aliwahi kumwambia, akitafuna, meno ya mbele hayapo, nikiwa mkubwa nitakununulia gari jipya, jipya kabisa, viti bado vina nailoni, na dada akauliza, na breki je? Akafikiri, akasema, na breki, dada akasema basi tumekubaliana, akampangusa makombo shavuni, na ahadi hiyo ndiyo iliyomleta hapa leo, ameivaa mwili mzima, kwa sababu mwezi uliopita daktari wa macho, mwenzake, wa jengo la pili tu, alimwita pembeni akasema dada yako asiendeshe tena, pembeni haoni, na yeye akaenda nyumbani kwa dada na hotuba ya kubembeleza, akakuta leseni imeshawekwa kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni, na dada anapepeta mchele, akamwambia, bila kuinua uso, usianze kulia hapo, sasa zamu yako... zamu yako, alisema hivyo, na yeye akaisikia kama amri ya kununua gari. Na si gari la kubebea watu tu, hapana, gari la heshima, lile la chini chini lenye pua ndefu, la spoti na starehe ndani yake, ambalo dada alikuwa akiliona limesimama kwenye taa, yeye yuko na mikate yake, anasema, hilo likisimama linasimama kama limebusu ukuta, ona, ona breki ile, watu wengine walitazama mng'ao, yeye alitazama breki.

Sasa jipya lilikuwa lile pale, upande wa pili wa yadi, jeusi, nailoni bado kwenye viti kama alivyoahidi, na asubuhi walipolijaribu dada aliuliza kama avue viatu, akaambiwa hapana mama, akakaa ukingoni, mikono mapajani kama yuko ofisini kwa mtu, na kila dakika gari linalia, ting, mstari, ting, mkanda, ting, kuna kitu nyuma, na mkokoteni wa matofali ulipochomoza ghafla kutoka uchochoroni gari likajifunga breki lenyewe, kabla mguu wake yeye haujafika, mitambo yake ya kisasa hiyo, lakini mguu wa dada ulikuwa umeshafika sakafuni, dup, sekunde ile ile, na dada akasema, taratibu, kwa fahari ya mtu ambaye miaka yote walikuwa wanamcheka, "Mnaona? Inafanya kazi," na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza, muuzaji aligeuka dirishani mabega yakimtikisika, yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi, lakini dada aliposhuka alishika mlango, akanyoosha goti kidogo kidogo, akasema gari zuri, zuri sana, ila lina kazi nyingi... ila lina kazi nyingi, na yeye alilipita neno hilo kwa kasi, alikuwa na ahadi ya kutimiza, nani ana muda wa kusikiliza anayetimiziwa.

Na hili la mtumba wamelizungusha mtaa ule ule, kona zile zile, halipigi ting wala tang, na dada alipoingia alijisogeza mara moja, mara ya pili, akalipata bonde lile la mzee wa watu, akashusha pumzi, sasa anakumbuka, ile pumzi aliisikia, akadhani ni ya kuvunjika moyo, akaongeza kuapa moyoni, jipya, lazima jipya, kumbe huko nyuma mtu anavua viatu... lini? Kwenye taa? Kwenye mteremko? Ina maana alilala gari likiwa linatembea, yeye akiwa anaendesha, alilala kwenye mteremko wa daraja, mguu juu, na wala hakuuliza kama mbele kuna nini. Hiyo si kazi ya kiti. Kiti kimesaidia, bonde limesaidia, ukimya umesaidia, lakini usingizi hauji kwa ngozi laini, hilo anajua, amewalaza matajiri na maskini kwenye meza moja ngumu, na wote kabla ya kwenda humtafuta yeye kwa macho, wanataka kujua nani anabaki, basi dada naye amemtafuta, humo humo kwenye kioo, akamwona, akatosheka, akaenda. Alitaka kushukuru, hapo hapo, kwa sauti, ashukuru mikate, ashukuru lile gari bovu na mwenye kiwanda na koti lile, amshukuru hata mzee asiyemjua aliyekaa mahali pamoja mpaka pakawa pazuri, na kifua kikamjaa kiasi kwamba akaogopa kukohoa asije akamwamsha.

"Kwa hiyo bosi, tunaandika lipi, jipya au hili?" muuzaji aliuliza, akachungulia nyuma, akashusha sauti mwenyewe, kumbe ana adabu, "Oo, mama amelala," na hapo ndipo alipokumbuka kitu kingine kilichokuwa kinamkera tangu asubuhi bila kukijua, kwamba huyu mtu amemwita dada mama siku nzima na dada hakumsahihisha, dada, ambaye amesahihisha walimu, wauguzi, mshereheshaji wa harusi yake yeye mbele ya ukumbi mzima, akiwaambia dada, mimi ni dada yake, mama yake alikuwa mtu na ana jina lake, msimnyang'anye nafasi, na leo ameacha ipite, kila mara, na yeye asubuhi aliona ni uzee, akahuzunika, kumbe pengine ni ile ile, amechoka kushika kila kitu peke yake, amemwachia na hilo, zamu yako, alisema, na yeye akalielewa kuwa ni gari... "Dada," alisema, kwa ule upole mkavu wa dada mwenyewe, "ni dada yangu," na muuzaji akasema samahani bosi, dada, akasubiri, jua likasogea kidogo kwenye turubai, na yeye akainua kidole, subiri, subiri kwanza, kwa maana jibu lilikuwepo ila lisingetoka bila kelele ya milango na funguo na kupeana mikono, na hakukuwa na haraka yoyote duniani, akatazama kioo, kifua kikapanda, kikashuka, kikatulia, na aliposhusha macho akaona mguu wake wa kulia umekandamiza breki mpaka mwisho, ndani ya gari lililozimwa, sijui tangu saa ngapi, goti limeanza kumkaza, na hakuuondoa.