Boti Iliyojiponya Bila Kibali

Kila asubuhi, kabla ya chai ya chumvi, Mughli alichota ndoo ishirini na nane za maji kutoka chini ya sakafu ya sebule yake na kuyarudisha ziwani. Boti yake, Malkia Mpya, ilikuwa na vyumba vitatu vya wageni, mazulia mekundu, na matundu kwenye mbao za mwerezi chini kabisa, ambako kalafati ya kuzibia nyufa haikushika tena. Wageni walikwisha kuacha kuja. Yeye mwenyewe, mjane, alilala humo, na hakuwa na pengine.

Sheria ilikuwa rahisi kuisoma. Ndani ya mita mia mbili kutoka ukingo wa ziwa Dal, hakuna kuleta ubao, kugonga msumari wala kumwita seremala bila kibali cha maandishi. Mughli alikuwa akiomba kibali hicho kwa mwaka wa tisa. Mumewe alifariki mwaka wa nne, ofisi ya vibali ikadai sahihi yake mwaka wa tano. Kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, marehemu alikuja Alhamisi moja, akatia sahihi, akanywa chai na kurudi makaburini. Karani alisema wino umefifia.

Boti ya jirani, Malkia, ilikuwa ya kaka yake, Ama, na mkewe Taja. Baba yao aliziunda zote mbili mwaka mmoja, kwa magogo yale yale na seremala yule yule. Malkia nayo ilikuwa imeoza vile vile, mpaka majira ya kuchipua, pale ubao uliotoboka chini ya jiko la Taja ulipojifunga kama kidonda. Wiki iliyofuata ukaota gome. Kufikia Mei boti nzima ilinukia utomvu, na nyuma yake palikuwa na matawi mabichi ambayo Ama alianikia mashati. Watalii waliuliza kama chumba chenye matawi kina bei yake.

Kijicho kilimwingia Mughli. Alizimwagia mbao zake maziwa, akazimwagia maji ya kuombewa, akazibembeleza, akazitukana. Siku moja alikata kitawi cha Malkia na kukifunga kwa uzi wa sufu kwenye tundu lake kubwa. Kilikauka kwa siku tatu.

"Wifi, ungeomba tu," Taja alimwambia kutoka barazani kwake. "Yamejaa tele."

"Tawi la kuomba halishiki."

"Na la kuiba limeshika?"

Kufikia Juni, Mughli hakutaka tena sana boti yake ipone. Alichotaka ni Taja naye achote maji. Akakaa chini akaandika barua kwa ofisi: wifi yangu anajenga ukingoni bila kibali.

Ofisa Drabu alikuja kwa mtumbwi, na utepe wa kupimia na makarani wawili. Mughli alitoka kusikiliza, ndoo mkononi.

"Seremala yuko wapi?" ofisa alimuuliza Taja.

"Seremala hakuna."

"Misumari?"

"Tafuta mwenyewe, bwana. Ukiuona mmoja nipe, nina picha ya kutundika."

Drabu aligonga ukuta kwa kidole, akanusa, akabonyeza utomvu kwa dole gumba.

"Mbao zinamea?"

"Zinamea. Hasa mvua ikinyesha."

Akaandika: zinamea. Akanywa vikombe viwili vya chai, akaondoka.

"Wifi," Taja aliita, "siku nyingine ukinialikia mgeni niambie mapema. Mkate ulikuwa wa jana."

Baada ya wiki mbili tangazo lilibandikwa kwenye kila boti. Kwa kuwa ukaguzi umethibitisha kwamba boti zinaweza kujitengeneza, ofisi haitoi tena vibali vya matengenezo. Wenye boti wazipe muda. Mughli alikwenda ofisini, akasimama dirishani.

"Faili lako lilikuwa limefika meza ya mwisho, mama," alisema karani. "Ulibakia muhuri tu."

"Na sasa?"

"Sasa linasubiri boti. Subira yavuta heri."

"Miaka tisa navuta, mwanangu. Kamba imekatika."

Malkia Mpya ilizama mwezi wa Novemba, baada ya sala ya alasiri, bila kelele. Majirani waliwahi kuokoa mazulia na birika. Ofisi ilileta barua ikieleza kwamba boti imeshindwa kupona kwa uzembe wa mmiliki.

"Ingia, wifi," Taja alisema. Alimfungulia chumba kidogo upande wa nyuma, chenye kuta za gome. "Kimemea juzi. Nilikuwa sijui nikiweke nini."

Mughli aliingia. Sakafu ilikuwa kavu. Alivua soksi akasimama juu yake, na moyo ukamuuma kwa chuki. Angependa ivuje, japo kidogo, japo upande wa Taja tu.

Drabu alirudi Desemba kuhesabu wakazi.

"Chumba kimemea chenyewe, hakina tatizo," alisema. "Lakini wewe, mama, umehamia. Kuishi ukingoni kunahitaji kibali."

"Mimi nimezaliwa hapa hapa."

"Kwenye boti ipi?"

Mughli alionyesha maji. Drabu alitazama, akaandika: haipo. Kisha akampa fomu.

Taja alileta kalamu. Mughli aliiegemeza karatasi ukutani ili aijaze, akahisi gome likisogea polepole chini ya mkono wake. Likapanuka, likachukua nafasi, wala halikumwomba mtu. Akalionea kijicho, kisha akaandika jina lake.