Hapa Hapashikwi

Chuma cha kulehemu huchukua dakika tatu kupata moto, na kwa dakika hizo tatu ukumbi mzima ulinisubiri. Viti mia mbili vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, feni nne za darini zikilikoroga joto bila kulipunguza, maikrofoni ikinguruma peke yake. Na mimi mbele ya meza ya maonyesho, nimechomeka waya kwenye soketi na kukunja mikono kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Anafanya nini huyu?" nilimsikia mratibu akimnong'oneza mkufunzi.

"Labda ni onyesho," mkufunzi alijibu. "Halimo kwenye ratiba?"

Halikuwemo. Kwenye ratiba kulikuwa na ushuhuda wangu wa dakika mbili, ulioandikwa na mtu mwingine na kuchapwa kwa herufi kubwa ili nisijikwae. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti jeupe walilonivisha. Niliisoma mara moja tu, chooni, na sentensi ya kwanza ilinitosha: Kabla ya mpango huu sikujua chochote.

Chochote!

Miaka kumi na moja nilikuwa nimekaa mbele ya posta, kwenye meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, nikitengeneza simu. Watu waliniita Dokta. Ofisi yangu ilikuwa trei ya mayai: mashimo thelathini, kila shimo na skrubu za simu moja, na kila simu na mwenyewe aliyekuwa akihema shingoni mwangu. Skrubu hizo ni ndogo kuliko chembe ya mchele, na hazilingani. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, umeitoboa bodi, na hapo hakuna pole itakayosaidia. Sikuwahi kuchanganya mashimo. Nilichanganya majina ya watoto wa dada yangu, nikasahau siku yangu ya kuzaliwa, lakini trei ile niliijua kama ulimi unavyoyajua meno.

Jirani yangu aliuza chaja na makava, tukamwita Mama Chaja. Yeye ndiye aliyepokea wagonjwa.

"Dokta, huyu kaanguka chooni!"

"Nani, simu au mwenyewe?"

"Mwenyewe yupo hapa, kakauka. Simu ndiyo mbichi."

Mteja angekasirika, kisha angecheka, na nikishamchekesha mtu mara moja alikuwa wangu miaka yote.

Ufundi niliupata kwa mjomba, kaka yake mama, aliyetengeneza redio. Nilikuwa na miaka tisa nilipokiona chuma chake mezani, kizuri, kinang'aa nchani, nikakikamata pale pale panapong'aa. Mjomba aliuzamisha mkono wangu kwenye ndoo ya maji, akangoja nimalize kupiga mayowe, kisha akasema taratibu, "Hapa hapashikwi, mwanangu. Sasa umeshasoma darasa la kwanza." Alipofariki aliniachia chuma hicho, mpini wake umezungushiwa utepe mweusi wa umeme. Kovu nalo lilibaki. Dole gumba langu la kulia ni laini kama kijiko, halina mstari hata mmoja.

Naeleza habari ya dole gumba kwa sababu baadaye lilikuja kukataliwa na serikali.

Mpango ulikuja na barua mbili kwa wiki moja. Ya kwanza ilitoka manispaa: meza zote za mbele ya posta ziondolewe, panajengwa Kituo cha Teknolojia. Ya pili ilitoka kwa watu wa mpango wenyewe, na ilikuwa na picha ya jua likichomoza. Wataalamu elfu kumi wa teknolojia watazalishwa katika miezi kumi na minane. Mafunzo ni bure. Atakayehitimu atapewa chumba cha kazi ndani ya Kituo.

"Wanakuvua shati halafu wanakualika ujifunze kushona," alisema Mama Chaja.

Nilimcheka. Lakini maji yalikuwa shingoni. Bila mahali pa kukaa, fundi ni mzururaji mwenye bisibisi. Nikaenda kujiandikisha.

Karani alikuwa kijana mpole. Aliniuliza uzoefu wangu. Nikamwambia miaka kumi na moja. Akabonyeza, akabonyeza tena, akanitazama kwa huruma. "Mashine inakubali 'Hakuna' tu, dada. Mwenye uzoefu hahesabiwi. Ni lazima uanzie sifuri ndiyo uonekane umepanda."

"Basi andika sifuri," nikasema. "Nilizaliwa jana."

Nilisema kwa mzaha. Kila jambo nililisema kwa mzaha siku zile. Mtu akikuingizia mkono mfukoni ukamcheka kwa sababu anakutekenya, usije ukalalamika baadaye kwamba kachukua.

Kisha ikaja mashine ya vidole. Kila asubuhi ilitupasa kubonyeza dole gumba ili ihesabike tumehudhuria. Langu likakataliwa: Kidole hakitambuliki, jaribu tena. Nilijaribu hadi foleni ikaanza kuguna. Mwisho nikahudhuria mafunzo ya utaalamu wa teknolojia kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho watu hujikunia sikio.

Mkufunzi tulimwita Tai, kwa sababu hakuivua hata joto lilipotuyeyusha. Alitufundisha kwa picha za ukutani. Siku alipofika kwenye kulehemu alitusomea maelezo, akageuza ukurasa, akatuambia tumemaliza. Wanafunzi wakanigeukia. Nikatoa chuma cha mjomba kwenye mkoba, na kuanzia siku hiyo nusu ya masomo nikayafundisha mimi, Tai akiwa amekaa dawati la nyuma, anaandika. Sikumlaumu. Alikuwa mtu mwema aliyeletwa kumfundisha bata kuogelea, naye mwenyewe aliogopa maji.

Alama zilipotoka, nilipata "Anayeanza, daraja la wastani." Tai alinifuata hadi mlangoni. "Samahani, Dokta. Juu ya wastani hawaruhusu. Watauliza ulijifunza wapi."

Hiyo nayo nikaicheka. Lakini nyumbani mama alinitazama nikikoroga uji uliokwisha kupoa, akaniuliza nani kafa.

Halafu wakaja na kamera. Walitaka sura ya mpango. Wakanichagua mimi kwa sababu, alisema mratibu, nilikuwa na tabasamu la matumaini. Wakanivisha kilemba cha ukoka, na juu yake koti jeupe. Wakakibandika chuma cha mjomba nembo yao kwenye mpini, ile ya jua linalochomoza, na mpiga picha akaniambia nikishike.

Nikakishika kwenye mpini.

"Hapana, unafunika nembo. Shika huku mbele, kwenye chuma."

"Hapa hapashikwi."

"Kwani kimechomekwa?"

"Hakijachomekwa."

"Sasa tatizo nini? Tabasamu."

Mratibu alinisogelea, akaniwekea mkono begani. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye manukato mazuri na sauti ya kubembeleza. "Mdogo wangu, chumba chako ni namba kumi na nne. Nimekwisha kukuandika. Usituharibie siku."

Nikashika. Nikatabasamu. Hapo ndipo ninapoumia hadi leo, kuliko kwenye yote waliyonitenda wao: nilijua, na nikashika.

Bango lilisimamishwa mbele ya posta, refu kama ghorofa mbili, mguu wake wa chuma umechimbiwa pale pale ilipokuwa meza yangu. Maandishi yalisema: Serikali imeniwezesha. Na mimi juu, nimekamata moto kwa vidole vitatu na kuchekelea. Mafundi wa mji mzima walipita kutazama. "Dokta, pole na kuungua!" walipaza sauti. "Dokta, siku hizi unalehemu kwa mpini?" Mmoja, niliyemfundisha mwenyewe, alitazama juu, akanitazama mimi, akaenda zake. Huyo ndiye aliyeniuma.

Nikajiambia, vumilia, kuna chumba namba kumi na nne.

Asubuhi ya uzinduzi nikawahi ili nikione. Mlango ulikuwa wazi, bado unanuka rangi. Chumba kizuri, sakafu inateleza, dirisha la kioo. Nikatafuta soketi. Nikazunguka kuta nne, nikapapasa kama kipofu, nikainama. Hakuna. Nikaingia cha kumi na tatu. Nikaingia cha kumi na tano. Vyumba arobaini vya Kituo cha Teknolojia, na ukutani hakuna tundu hata moja la kuchomeka waya.

Nilimkuta mratibu akipanga maua.

"Dada, vyumba havina umeme."

"Umeme ni awamu ya pili."

"Lini?"

"Mdogo wangu," alisema, akinyoosha ua moja, "leo ni siku ya furaha. Ushuhuda wako umeusoma?"

Ndipo nikaenda chooni kuusoma.

Wahenga walisema hasira hasara. Nadhani aliyesema hivyo alikuwa na pa kukaa. Mimi hasira yangu haikupiga kelele. Ilitulia, ikanyooka kama waya uliovutwa pande mbili. Nilipoitwa jukwaani, nilipita maikrofoni, nikaenda kwenye meza ya maonyesho walikokiweka chuma cha mjomba juu ya kitambaa cha buluu, nikaukokota waya hadi kwenye soketi ya pekee katika jengo lote, ile ya vipaza sauti, na nikachomeka.

Dakika tatu.

Zilipotimia nikagusisha waya wa risasi kwenye ncha. Ukayeyuka, moshi mwembamba ukapanda, na ile harufu niliyokua nayo ikajaa puani. Mgeni rasmi alivutiwa. Aliinuka kitini akicheka, mtu mnene, mchangamfu, wapiga picha wakimkimbilia. Nyuma yetu lilitundikwa bango dogo, nakala ya lile la barabarani.

"Haya, binti yetu, tuonyeshe maajabu!"

"Mheshimiwa," nikasema, nikakigeuza chuma, mpini ukawa kwangu na ncha kwake, "naomba ukishike kama nilivyoshika mimi pale."

Akatazama bango. Akatazama mkono wangu. Na kwa roho nyeupe kabisa, kama mtoto wa miaka tisa, akanyoosha vidole.

Hakujua. Hilo sikulitarajia. Nilidhani atastuka, atacheka, atarudi nyuma, na ukumbi utaelewa. Lakini alikuwa ameaminishwa na bango lake mwenyewe. Vidole vilikuja, safi, na kucha zilizokatwa vizuri. Tai aliinuka kitini mdomo wazi. Nikawaona wote waliokuwa mbele: mratibu, karani, mpiga picha. Hakuna mwingine aliyeinuka. Nilikuwa na muda wa kutosha kuwa mtu mwingine.

Nikakivuta chuma nyuma.

"Hapa hapashikwi, Mheshimiwa," nikasema, na maikrofoni ikadaka. "Panaunguza. Nilijifunza nikiwa na miaka tisa, hapakuwa na mpango wowote. Na nendeni mkatazame kuta za vyumba mlivyotujengea. Tutachomeka wapi?"

Kutoka safu ya nyuma kabisa kikaja kicheko cha Mama Chaja, kirefu, kikavu, kama mtu anayepasua kuni. Wakazima maikrofoni. Ili kuizima walichomoa waya, na kwa haraka yao wakachomoa wa chuma pia.

Sikufukuzwa. Watu wale hawafukuzi, husahau. Chumba namba kumi na nne kikawa stoo ya vile viti vyenye vitambaa. Miezi kadhaa baadaye nilipigiwa simu na msichana mwenye orodha.

"Tunafuatilia wahitimu. Kwa sasa unajishughulisha na teknolojia?"

Nilikuwa nimekaa upenuni mwa kinyozi aliyenihurumia, trei ya mayai magotini. "Natengeneza simu," nikajibu.

"Hongera! Na kabla ya mpango... hapa naona 'Hakuna'." Nikasikia akibonyeza. "Asante, dada. Umekuwa wa elfu nne mia moja na kumi na saba."

Nilitaka kutukana. Nilikuwa na tusi zuri, la mjomba, la kuanzia kwa bibi mpaka kwa kitukuu. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtoto anayesoma alichopewa asome, na mimi kusoma vile nakujua. Nikakata.

Miaka imepita. Meza zimerudi mbele ya posta, moja moja, kama nyasi. Bango lilichakazwa na mvua na upepo, mpango wenyewe ukaisha bila kuagwa, na siku moja vijana wa manispaa wakalishusha turubai lake na kuliuza kwa vipande. Mama Chaja alininunulia kipande bila kuniuliza. Leo ndicho kivuli changu. Uso haupo, uso ulimwendea muuza viazi. Mimi nilipata mkono tu, mkubwa kama mlango, vidole vitatu vimekamata chuma.

Jana mteja alikuwa anangoja simu yake, kichwa kaegemeza nyuma, macho juu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Dokta," akasema, "huyu mtu mbona ameshika pa moto?"

Nilikuwa na skrubu kwenye ncha ya bisibisi. Niliipeleka kwenye shimo lake kwanza.

"Hakikuwa kimechomekwa," nikamwambia.