Gari la Kitufe Lilipokataa Kuwaka

Mume wangu Ogwang aliendesha malori ya jeshi miaka ishirini na miwili, akastaafu na cheo cha sajenti, mgongo mbovu, na imani kwamba gari lisilotoa moshi linaficha jambo. Ndiyo maana ugomvi wetu wa magari ulidumu mwaka mzima. Majirani zetu hapa Mbuya hugombana kwa ajili ya viwanja na michepuko. Sisi tuligombana kwa ajili ya UAD na UBN.

Hayo ni magari. Kampala gari huitwa kwa herufi za namba yake, na herufi hizo hukutajia umri wake kabla hujafungua boneti. UAD lilikuwa la mwaka tisini na sita, refu, lenye nafasi ya familia na magunia, na lilikuwa limepita mikononi mwa wanaume watatu kabla ya Ogwang. UBN lilikuwa la mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Nalo lilishatumika Japani, lakini liliwaka kwa kubonyeza kitufe tu, kimya kabisa. Mimi nilitaka UBN. Yeye alisema atazikwa na UAD.

Kwetu gari si fahari. Binti yetu Lakot, mwenye miaka kumi na mmoja, ana ugonjwa wa damu wa selimundu. Maumivu ya viungo tumeyazoea, kama mtu anavyoweza kuzoea jambo kama hilo. Lakini daktari wake wa hospitali ya Mulago alituonya: siku maumivu yakipanda kifuani na pumzi ikawa fupi, msingoje dawa ya nyumbani wala mvua iishe, mleteni ndani ya saa moja apewe oksijeni. Kwa hiyo nilipouliza gari lipi ni la kutegemewa, nilikuwa nauliza lipi litamfikisha mtoto akiwa hai.

Tulimfanya fundi wetu awe hakimu. Anaitwa Zéphyrin, Mkongomani wa Bukavu, ana gereji ya mabati kule Kinawataka. Alijipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

“Mama Lakot, motoka ya zamani iko kama mugonjwa wa kila siku,” alisema. “Leo rejeta, kesho mupira ya maji. Lakini afande anaweza kuitengeneza barabarani na waya na sabuni. Hii ya mupya haiumwi ovyo. Miaka mbili, tatu, unaweka mafuta tu. Lakini siku inagoma, waya na sabuni haisaidii. Lazima uite mimi na mashini.”

“Sasa ni gani?”

“Ni ile yenye mwenyewe anaijua.” Jibu la mtu asiyetaka kupoteza mteja.

Ogwang alikuwa na methali alizookota kwa mwalimu wake wa udereva, Mtanzania. Akasema jungu kuu halikosi ukoko. Nikamwambia ukoko tumeula mwaka mzima, wali uko wapi? Akasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tungeendelea hivyo hadi leo, lakini UAD likachemka na kuzima kwenye mlima wa Kitintale, Lakot akiwa kiti cha nyuma anasaga meno kwa maumivu ya mguu. Ogwang alilitengeneza kwa nusu saa, juani, kwa ufundi ambao sitaki kumnyima. Lakini ilikuwa nusu saa. Baada ya siku hiyo hakutaja methali tena, na tukanunua UBN.

Zéphyrin mwenyewe ndiye aliyelileta nyumbani. Alituonyesha kitufe, akatuonyesha kwamba betri imewekwa nyuma, chini ya sakafu ya buti, akamwambia Ogwang, “Afande, hapa kila kitu ni kompyuta. Hii usiiguse.” Ogwang akampigia saluti ya mzaha. UAD liliegeshwa mwisho wa uwanja wetu kungoja mnunuzi, na UBN likakaa mbele yake, karibu na geti. Uwanja wetu ni mwembamba. La nyuma haliwezi kutoka mpaka la mbele litoke.

Siku ya nane mvua ilinyesha usiku kucha na kuendelea hadi saa mbili asubuhi. Saa tatu Lakot alikuwa ameketi mkekani anamenya karanga. Nilimwona ameacha. Mkono mmoja ulikuwa kifuani.

“Mama,” alisema, “hewa haiingii yote.”

Nilipiga kelele moja tu. Ogwang alimbeba, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Nikatazama saa ya simu: tatu na dakika sita. Ogwang akakaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe.

Kimya. Nilidhani ni kile kimya chake cha kawaida, lakini hapakuwa na hata taa moja. Alibonyeza tena, halafu mara ya tatu kwa kidole gumba. Niliona kitu kikipita usoni pake kwenye kioo, nikadhani ni hofu.

Kisha akaruka nje. Hakwenda kwenye boneti. Alikimbilia nyuma, akaanza kuvuta mlango wa buti kwa mikono miwili. Haukufunguka.

“Unatafuta nini huko?” nikauliza.

“Spana.”

“Achana na spana! Toa hii gari tuchukue ile!”

Alijaribu. Gia ilikuwa imekwama mahali pake, na bila umeme haitoki. Tulisukuma wote wawili hadi viatu vyangu vikateleza kwenye tope, gari halikusogea hata unene wa kidole. Nyuma yake UAD lilikuwa limesimama, funguo ndani, tayari kabisa kwenda, na haliwezi kupita. Majirani wenye magari walishaondoka kwenda kazini. Nikaita teksi kwa simu. Simu ikaandika itafika baada ya dakika ishirini na sita. Muda mfupi baadaye dereva akaghairi.

Ogwang akamwita Opio, mwendesha boda wa pale kwenye kona. Tulimwinua Lakot tumkalishe kati yangu na Opio. Alipotanuliwa miguu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto wangu, kisha macho yakageuka na shingo ikalegea. Opio akasema, “Mama, huyu ataanguka kwa barabara. Mimi naogopa.” Nami niliogopa. Tukamrudisha garini, kichwa mapajani mwangu.

Saa tatu na dakika kumi na tisa. Nilimpigia Zéphyrin, nikaweka simu kwa sauti ya juu.

“Taa iko?”

“Hakuna hata moja.”

“Buti inafunguka?”

“Imekataa.”

“Nani aligusa betri?”

Nilimtazama Ogwang. Alikuwa amerudi kusimama nyuma ya gari, viganja juu ya buti.

“Hakuna mutu,” akasema. “Mimi hapana gusa.”

“Kweli, afande?”

“Nimesema hapana gusa!”

“Basi ni kompyuta imekufa,” Zéphyrin akasema, na sauti yake ikashuka. “Nakuja na mashini. Lakini jamu iko mingi, Mama. Dakika makumi ine.”

Dakika arobaini. Nilipiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili saa moja ya daktari ilikwisha kabla hatujafika Mulago. Mimi ndiye niliyelichagua gari hili. Mimi ndiye niliyemdharau mwanamume huyu na waya wake na sabuni yake, na sasa midomo ya mtoto wangu ilikuwa inageuka rangi ya majivu juu ya kiti kizuri ambacho bado kilinukia upya.

“Ulikuwa na haki,” nilimwambia Ogwang. “Umesikia? Ulikuwa na haki, na mimi nimemuua mtoto.”

Alivuta tena mlango wa buti, mishipa ikamtoka shingoni.

Mkono wa Lakot ukanigusa tumboni. Nilidhani anataka maji. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama baba yake kupitia kioo cha nyuma.

“Baba,” alisema, kisha akatafuta pumzi. “Mwambie.”

“Amwambie nani? Nini?” nikauliza.

“Ya betri.”

Ogwang aliondoa mikono kwenye buti. Nimemwona mume wangu akirudi kutoka vitani, sikuwahi kumwona na uso ule.

Yakamtoka yote kwa mara moja. Jeshini kila dereva hutoa waya wa betri jioni, gari lisiibiwe na umeme usiishe. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulala kabla ya kuutoa. Kwa hiyo tangu UBN lije, kila usiku alikuwa akiutoa, anaacha mlango wa buti umeegeshwa tu bila kuufunga, na alfajiri anaurudisha kabla sijaamka. Jana mvua ilipoanza aliogopa maji yasiingie, akaubamiza. Alfajiri mvua ilikuwa bado inanyesha, hakuenda, na ilipokatika nilikuwa nimeshaamka. Na mlango ule hufunguliwa na umeme wa betri hiyohiyo. Lakot, ambaye maumivu humnyima usingizi, alikuwa anamwona dirishani kila usiku.

Nilikwishampigia Zéphyrin kabla Ogwang hajamaliza. Zéphyrin alitaja jina la Bikira Maria kwa namna isiyo ya sala.

“Pitia ndani! Angusha kiti ya nyuma, ingia kama panya, inua sakafu. Rudisha waya, kaza na mukono tu. Haraka!”

Nilimbeba Lakot hadi kiti cha mbele. Ogwang, na mgongo wake ule, akaingia kichwa kwanza juu ya kiti kilichoangushwa. Nilisikia anagonga, anahema, anasali kwa Kilango, lugha ya kwao. Nilihesabu pumzi za mtoto kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Halafu dashibodi ikawaka yote, taa za njano na nyekundu, na gari likawa tayari bila kutoa sauti.

Saa tatu na dakika thelathini na tatu tulitoka getini. Ogwang aliendesha taa zote zikimetameta, mkono kwenye honi, akapanda ukingo wa barabara pale Nakawa, akapita Lugogo upande usio wake, na polisi mmoja alipotaka kutusimamisha alimwona mtoto, akatufungulia njia. Gari halikukohoa hata mara moja. Lilipanda, likashuka, likageuka kama lilivyoambiwa. Tulimkabidhi Lakot mikononi mwa wauguzi saa nne kasoro dakika moja, wakamvalisha oksijeni tukiwa bado tunataja jina lake.

Baada ya saa mbili daktari akatoka akasema kifua kinafunguka, damu ataongezewa, tungoje. Aliuliza kwa nini tulichukua karibu saa nzima. Ogwang alijibu kabla yangu: “Ni mimi.” Daktari akaandika kitu akaenda.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, tope limekauka miguuni.

“Ayaa,” Ogwang akasema. Tangu Lakot azaliwe hajaniita jina langu, huniita Mama Lakot. “Ile saa gari ilikataa kuwaka, mimi nilifurahi.”

“Ulifanya nini?”

“Nilisahau kama ni mimi nilitoa waya. Nilisahau hata mutoto iko nyuma. Nilisema kwa roho yangu, umeona sasa.” Alitazama mikono yake. “Nisamehe.”

“Kwa muda gani?”

“Kidogo. Kama kupumua mara moja.”

Nilikuwa na maneno. Tangu saa tatu nilikuwa nimeyapanga, maneno ya kumvua nguo mwanamume mbele ya watu, na ukumbi ulikuwa umejaa watu. Nilifungua kinywa nikashindwa. Maana Lakot aliposema ya betri, kabla sijakasirika, kabla sijamtazama tena midomo, nami nilifurahi. Nilifurahi kwamba gari langu halina kosa, kwamba nilichagua vizuri. Mtoto alikuwa anakosa hewa mapajani mwangu, na furaha yangu ilidumu zaidi ya pumzi moja.

Sikumwambia. Nilinyamaza muda mrefu, naye akadhani ni hasira, akashuka kwenye benchi akapiga magoti palepale sakafuni, mgongo ukimuuma, akaniomba msamaha mara ya pili.

Nikamwambia nimemsamehe.