Kona Isiyolimwa

Attracta Gilhooly alikuwa amechoshwa na wafu. Tangu Pasaka alizunguka makaburi yote ya kusini mwa kaunti ya Leitrim, akisugua majina kwenye mawe kwa brashi, na mvua ya huko, wee, haijui kuaga. Vitabu vya parokia navyo alivimaliza. Macho yalimuuma, mgongo ulimuuma, na mtoto hakuonekana.

Mtoto mwenyewe ni kaka yake, aliyezaliwa mfu kabla yeye hajazaliwa. Mama yao, Dympna, hakuonyeshwa hata uso. Baba alimfunga kitambaani, akatoka naye, na habari ile hakuigusa tena mpaka anakufa. Sasa Mama mwenyewe alikuwa ukingoni, na ombi lake lilikuwa moja.

"Nionyeshe walikomweka. Nisife sijui."

Ikabidi aende kwa baba mdogo Festus, ndugu pekee wa baba aliyebaki, mzee mwenye ulimi wa pilipili.

"Umemtafuta wapi?"

"Makaburini. Parokiani."

Festus alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto hakubatizwa, we unamtafuta kwa waliobatizwa? Padri gani enzi zile angemfungulia lango?"

"Sasa mlimpeleka wapi, ba'mdogo?"

Kicheko kilimwisha. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Kwa vichanga wenzake wasiobatizwa. Chini ya yale mawe ya kona ya shamba lenu. Koleo nilishika mimi."

Kona ile Attracta aliwahi kuchapwa kwa kucheza pale. Baba hakuilima maisha yake yote, wala hakuruhusu ng'ombe waikanyage.

Kesho yake alimsukuma Mama kwenye kiti cha magurudumu hadi shambani. Mama aliyatazama yale mawe, kisha akageuka kutazama nyumba.

"Hapa?"

"Hapa, Mama."

"Panaonekana kutoka dirisha la jikoni kwangu."

"Ndiyo, Mama."

Mama aliyageukia tena mawe.

"Kila msimu wa viazi nilimwambia baba yako ayaondoe mawe haya tupate nafasi. Hataki. Nikamwita mvivu, mbele ya majirani, mbele yenu. Mpaka anaingia kaburini namwita mvivu. Naye ananyamaza tu."

Akaomba ashushwe. Akakaa kwenye nyasi mbichi, akawalia wote wawili, mwanawe na mumewe.