Sahani ya Baba Mkwe

Katika nyumba ya Mwanaheri pale Tandika hapakuwa na siri ya chakula. Wapangaji sote tulipikia uani, chini ya paa moja la mabati, mafiga yamekaribiana hata ukifunua sufuria yako jirani keshajua kama umetia nazi au umetia maji tu. Na mwaka ule hapakuwa na la kuficha. Vita vya Kagera vilikwisha, dhiki yake ikatubakia sisi. Jumatatu yanga, Jumanne yanga. Ndivyo tulivyouita ule unga wa njano wa msaada, nami Sesilia, mke wa mchonga vinyago, niliyelelewa kwa ugali wa muhogo, nasema wazi kwamba sikuupenda hata siku moja. Tuliula kwa maharage, kwa mchicha, kwa dagaa wakipatikana. Ukikataa, utakula nini?

Aliyekataa ni Mzee Mwaijande, baba wa jirani yetu Ambilikile. Ambilikile alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo, na alimleta baba yake kutoka Rungwe ili apasuliwe macho, maana mtoto wa jicho alimfunga yote mawili. La kulia lilikwisha kupasuliwa na likafungwa bendeji. La kushoto bado, kwa hiyo mzee haoni kitu. Daktari alimtazama mbavu akasema lile la pili haligusi mpaka mgonjwa apate nguvu. Ale, alisema, ale vizuri, na asiinuke ovyo akaliumiza hili tulilolitengeneza. Ni rahisi kusema "ale vizuri" ukiwa umevaa koti jeupe. Mzee alimeza matonge mawili ya yanga, akasukuma sahani.

"Mahindi ya rangi hii kwetu tunawapa nguruwe," alisema, wala hakusema kwa hasira.

Mpishi wake alikuwa Atuganile, mke wa Ambilikile, na hapo ndipo penye kisa. Kwa wazee wao wa Kinyakyusa mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake, hamsemeshi, hamkaribii. Akimwona anakuja, anaacha njia. Wengine walioingia kanisani wamelegeza, lakini si Mzee Mwaijande, wala si Atuganile, aliyelelewa na bibi mkali. Huko Rungwe inawezekana, migomba ni mingi na nyumba zimeachana. Sasa ujaribu Tandika! Mwanaheri alimpa mzee kile chumba cha stoo kinachotazama uani, na kila mzee akitolewa kwenda chooni, Atuganile alijifunika kanga kichwani akakimbilia nyuma ya ukuta wa jiko, mwiko mkononi, ugali unaungua. Tulimcheka mwanzoni. Baadaye tulizoea, tukawa tunamsongea sisi.

Chakula cha mzee kilipelekwa na Jovina, binti yao wa miaka sita, akifuatana na Mwanaheri, ambaye ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Mwanaheri ni mtu wa Kilwa, mdomo wake hauna kituo. Alimlisha huku akimsimulia nani kaachika, nani kapandwa na majini, sabuni imeonekana wapi. Mzee alicheka, na akicheka alisahau akapokea kijiko kimoja zaidi. Tulihesabu hiyo kuwa ndiyo dawa.

Jumatano moja Ambilikile akapata bahati. Mtu wa kwao alishuka na treni ya TAZARA akiwa na mkungu wa ndizi mbichi, akamkatia chane mbili. Atuganile alizimenya kama anayemenya mayai. Akazipika na maharage, akatia kitunguu na yale mafuta ya mwisho aliyokuwa akiyachungulia tu chupani. Kwao wanakiita mbalaga. Harufu ikajaa ua mzima, sisi wenye yanga tukawa tunameza mate. Ndani ya stoo tukasikia kitanda kinalia.

"Nani huyo kapika cha kwetu?" mzee aliuliza.

"Leo utakula, mzee wangu, usituletee maringo!" Mwanaheri akamjibu.

"Leo nitakula," akasema. Atuganile aliinamia moto, nikamwona anatabasamu peke yake.

Chakula kilikuwa karibu kuiva pale mtu alipopita barabarani akipiga kelele kwamba sukari imeshuka duka la ushirika. Nani angebaki? Hatukuwa tumeonja chai ya sukari tangu mwezi mtukufu. Kilo moja kwa kila kichwa, na kwenye foleni kichwa cha mtoto nacho ni kichwa, kwa hiyo Mwanaheri akamnyakua Jovina mkono.

"Atu, sie tunarudi sasa hivi, mzee atakula tukija!" Nyumba ikabaki na Atuganile na mzee tu. Ambilikile alikuwa zamu ya mchana, hatoki kabla ya saa nne usiku.

Yaliyofuata alinieleza Atuganile mwenyewe. Adhana ya magharibi ikaita, hatujarudi. Mbalaga imeiva, imepakuliwa, sahani imefunikwa. Mzee akaita Jovina. Kimya. Akaita Mwanaheri. Kimya.

"Hamna mtu?"

Atuganile alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, kiganja mdomoni. Angejibu nini, na kwa sauti ipi? Akachukua mwiko akagonga sufuria, angalau mzee ajue hakuachwa peke yake. Mzee akaelewa.

"Aa, basi," akasema taratibu.

Kisha kukasikika kishindo na kigoda kikaanguka. Mzee alitaka kuinuka mwenyewe, na Atuganile akaliona lile jicho moyoni mwake, lile lisilopaswa kuumizwa. Hapo hakufikiri tena. Akajifunika kanga mpaka machoni, akachukua sahani, akaingia akiwa ameelekeza uso ukutani. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akipapasa hewa. Hakuumia. Atuganile akamwekea sahani mapajani, akajaza kijiko, akamgusisha mdomoni.

Mzee akala. Atuganile aliniambia kwamba mzee alikula kama mtu aliyetoka safari, akitafuna kwa raha, maharage yakimdondokea kidevuni, naye mkwewe hawezi kumfuta. Kijiko baada ya kijiko, nusu ya sahani ikaisha. Tangu afike Dar es Salaam hakuwahi kula hata robo ya hapo. Atuganile alikuwa akilia bila sauti, na alisema yalikuwa machozi ya furaha.

"Ndaga, mwanangu," mzee akashukuru kwa lugha yao. "Mwanaheri, leo nimekula." Akapokea kijiko kingine. Halafu akauliza, kwa utani tu, "Mbona leo kimya? Unaumwa?"

Kijiko kikasimama hewani. Atuganile alitaka kukohoa, akaona hata kikohozi kina mwenyewe, mzee angekitambua. Alitaka kukimbia, lakini sahani ilikuwa mapajani mwa mzee. Mzee alisubiri jibu, na kadiri alivyosubiri ndivyo uso wake ulivyobadilika. Akafunga mdomo, akaisukuma sahani kando. Akageuza kichwa polepole, akapapasa blanketi, akajifunika gubigubi. Hakumfokea. Naye alikuwa na wajibu wa kumkwepa mke wa mwanawe, na pale kitandani hapakuwa na njia nyingine ya kumkwepa.

Ndipo tulipoingia sisi na vifuko vyetu vya sukari. Mwanaheri aliona mara moja. Akamtoa Atuganile nje, akakaa mahali pake.

"Mzee wangu, ni mie sasa. Fungua mdomo."

"Nimeshiba."

Tumbo lake likanguruma, tukalisikia sote mpaka uani.

"Tumbo lako lenyewe linakukana!" Mwanaheri akasema. Hakuna aliyecheka.

"Mke wa mwanangu hana pa kukimbilia katika nyumba hii," mzee alisema chini ya blanketi. "Mwambieni Ambilikile anitafutie tiketi ya treni ya Ijumaa. Chakula cha hapa sitakula tena."

"Na jicho la pili, baba?" nikamuuliza.

"Nitakwenda na hilo moja."

Nilimbembeleza. Nilimwambia Mungu hana ugomvi na kijiko. Mwanaheri alimwapia kwa Mtume kwamba hatatoka tena kwenda foleni, hata ikishuka nyama. Mzee alitushukuru kwa adabu, akabaki amejifunika. Atuganile alisimama nyuma ya mlango, akaninong'oneza, nami nikawa mjumbe kati ya watu waliotenganishwa na ubao mmoja.

"Mwambie sikumtazama."

Nikamwambia. Mzee akajibu, "Najua hakunitazama. Mwambie hana kosa."

"Mwambie nitahama mie. Nitalala kwa jirani, nitapikia hukohuko, ale tu."

Nikamwambia hilo pia. Blanketi likasogea kidogo, nikadhani amelainika.

"Mwanamke hafukuzwi kwake kwa ajili ya tumbo la mzee," akasema. "Mwambie apumzike."

Basi. Hasira zilinipanda, sikujua nizipeleke wapi. Angekuwepo mwenye kosa tungemgombeza, tukapata pa kuanzia. Lakini mzee alikuwa akimheshimu Atuganile, Atuganile akimheshimu mzee, na kati ya heshima zao lile jicho la pili lilikuwa linapotea tukilitazama. Ambilikile aliporudi alipiga magoti mbele ya baba yake mpaka usiku mkubwa. Ijumaa alimpeleka stesheni. Nguvu za kupasuliwa tena mzee hakuzipata, na huko kwao aliishi miaka mitatu na lile jicho moja, ambalo halikumwonyesha vizuri.

Lakini usiku ule, kabla Ambilikile hajarudi, sahani tuliyoitoa chumbani ilikuwa juu ya mafiga, nusu imejaa. Mwaka ule hapakuwa na mtu wa kumwaga chakula. Jovina alikuja akakaa chini, miguu imejaa vumbi la foleni, akaivuta kwake. Siku nzima alikuwa amekatazwa kuigusa ile sufuria. Akala ndizi kwa mikono miwili, akalamba vidole, akamtazama mama yake kwa furaha.

"Mama, na kesho babu akikataa, nipe mie tena."

Atuganile akamfuta mdomo kwa pindo la kanga, akamwambia ale taratibu.